Droni, maua ya shaba na ile doktora tunayosema haiko yetu

Bandugu, kila mara tangazo la doktora juu ya droni linapopita mu kikundi chetu cha balisansie, jibu linakuwa moja: «ile ni ya bainjenyeri, haiko yetu». Tangazo lenyewe linatafuta mtu wa kufanya utafiti wa miaka 3 au 4 juu ya mambo matatu: namna droni inavyoona, namna inavyokadiria kile ambacho haioni vizuri, na namna inavyoongozwa hewani. Mtu wa politekniki analisoma mpaka mwisho. Sisi wa agronomia tunasoma kichwa tu, tunarudi ku mambo ya mbolea. Nimekuwa nasoma historia ya mambo hayo matatu hapa kwetu Katanga, na kadiri ninavyosoma, ninaona tunapita mbele ya mlango ulio wazi. Ni maandishi marefu kiloko, mnivumilie.

Niseme kwanza juu ya kuona, juu hapo njo tuko na urithi mkubwa.

Mwaka 1892 mwanajiolojia Mbelgiji Jules Cornet alizunguka Katanga pamoja na msafara wa Bia na Francqui. Hakuwa na ndege wala puto. Alichokuwa nacho ni miguu, nyundo na macho. Na macho yake yalishika jambo moja ambalo mtu yeyote wa Likasi analijua toka utoto: kuna vilima ambavyo havina miti. Pande zote ni msitu wa miombo, halafu ghafla unaona mgongo wa kilima uko wazi, majani mafupi tu. Kilima kile njo kiko na shaba. Udongo wenye shaba nyingi ni sumu kwa miti mingi, kwa hiyo msitu unasimama pembeni kama watu wanaoogopa kuingia kiwanja cha mwingine.

Lakini tusimpe Cornet sifa isiyo yake. Vilima vile vilikuwa vimekwisha kuchimbwa na mababu kwa karne nyingi. Walaji wa shaba, kama walivyoitwa, waliyeyusha jiwe wakatoa misalaba ya shaba iliyotumika kama feza mu biashara. Walijua kusoma kilima kabla ya ramani yoyote. Cornet aliandika, njo tofauti, na kilichoandikwa kilienda Bruxelles. Mwaka 1906 Union Minière ikazaliwa.

Wataalamu wa mimea walikuja nyuma. Paul Duvigneaud alitangaza mwaka 1958 kazi yake kubwa juu ya mimea ya udongo wenye madini ya Katanga. Baadaye François Malaisse, aliyefundisha miaka mingi Lubumbashi, aliendeleza kazi hiyo mpaka majina ya mimea ile yakajulikana dunia nzima. Mmoja ni Haumaniastrum katangense, mmea mdogo wa jamaa moja na kivumbasi, unaoitwa ua la shaba. Unapenda mahali shaba ilipo, hata mahali ambapo mababu waliyeyusha shaba zamani na tanuru yenyewe imekwisha kupotea. Wanaakiolojia waliutumia kutafuta mahali pa tanuru hizo. Fikirini hapo: mmea wa sentimeta kadhaa unakuambia nini kilifanyika karne zilizopita. Hicho ni kipimo, kama vile kamera ni kipimo, tofauti ni kwamba hakina betri.

Halafu zikaja picha kutoka ndege. INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoundwa mwaka 1933 na kuwa na makao Yangambi, ilianza kutoa ramani za udongo na mimea za Kongo, sehemu kwa sehemu. Ya kwetu, eneo la Élisabethville, ilitoka mwaka 1959, kazi ya Carlos Sys na André Schmitz. Mutazame mwaka: 1959. Mwaka uliofuata nchi ikapata uhuru, na Katanga ikaingia vita ya kujitenga. Jicho la hewani likageuka kutafuta mambo mengine.

Hapa kwetu, mji ulipokuwa bado unaitwa Jadotville, ukiuliza wazee watakuambia habari za Septemba 1961. Kikosi cha askari Wairlandi wa Umoja wa Mataifa, wakiwa kama 150, kilizungukwa hapa siku 5. Katanga ilikuwa na ndege moja ya kivita aina ya Fouga Magister, na ndege ile moja ilitosha kuwatesa, juu Umoja wa Mataifa haukuwa na kitu cha kuijibu. Mwisho walijisalimisha. Somo lile lilieleweka. Kufikia mwisho wa 1962 Waswedi walikuwa wameleta ndege za kupiga picha, na picha zikaonyesha ndege za Katanga ziko wapi. Mwezi wa Desemba uwanja wa Kolwezi ulipigwa, na tarehe 3 Januari 1963 askari Wahindi walivuka Lufira wakaingia Jadotville. Kwa hiyo tunapokuja kusikia mwaka 2013 kwamba Umoja wa Mataifa unataka macho angani mu Kongo, haikuwa jambo jipya kabisa. Ni hapa Katanga walijifunza kwamba bila macho hayo wanapigwa.

Sasa kuongoza. Historia ya kuongoza tuko nayo pia, na hii inachekesha na kuumiza.

Mwaka 1976 serikali ya Zaire ilikubali kampuni ya Kijerumani iliyoitwa OTRAG, ya Lutz Kayser, itumie eneo la kaskazini ya Shaba (ndivyo Katanga ilivyoitwa wakati ule), karibu kilometa za mraba 100,000. Walijenga kituo Kapani Tonneo, juu ya bonde la mto Luvua. Wazo lao lilikuwa la bei ndogo: kufunga pamoja mabomba mengi yanayofanana, kila moja na injini yake, halafu kuelekeza roketi kwa kupunguza mafuta upande mmoja na kuacha upande mwingine usukume zaidi. Vali za mafuta zilifunguliwa na mota ndogo za gari, zile za kusukuma fimbo za kupangusa mvua ku kioo. Kwa mawazo yangu lilikuwa wazo zuri. Droni yenye mapanga 4 inafanya kitu cha ukoo huo leo: haina mkia wala usukani, inapunguza mota moja na kuongeza nyingine, inageuka.

Roketi ya kwanza ilirushwa tarehe 17 Mei 1977, ya pili tarehe 20 Mei 1978. Ya tatu, tarehe 5 Juni 1978, Mobutu mwenyewe alikuwa pale anatazama. Ilipanda kiloko, ikainama, ikaanguka mu bonde. Filamu yake iko, mtu anaweza kuitazama. Mwezi wa Aprili 1979, majirani na mataifa makubwa wakiwa wamelalamika sana, Mobutu alifunga kazi ile. Kampuni ikahamia Libya, na hesabu zake za kuongoza zikaenda nayo. Katanga ilitoa ardhi na anga.

Katikati ya kuona na kuongoza kuna neno la tatu, kukadiria, na hili njo linalotuogopesha zaidi juu linakuja na matriksi. Tulifungue pole pole.

Mwaka 1960 Rudolf Kalman, mzaliwa wa Budapest aliyekuwa anafanya kazi Marekani, alitangaza njia ya kuchanganya vitu viwili vyenye makosa: kile unachotazamia na kile unachopima. Watu wa NASA, Stanley Schmidt akiwa mbele, waliichukua kwa safari za Apollo. Leo iko ndani ya karibu kila droni inayouzwa. Nieleze kwa mahindi. Uko na shamba la hektari 10. Kutokana na mvua na tarehe ya kupanda, unatazamia tani fulani kwa hektari. Unaenda shambani, unakata viwanja vidogo 6, unapima, unapata namba ingine. Utachukua ipi? Kama mvua ilikuwa ya kawaida na viwanja vyako ni vichache, unategemea zaidi kile ulichotazamia. Kama mvua ilikatika Januari na viwanja vyako ni vingi, unategemea kipimo. Unapima uzito wa kila upande kwa kadiri ya kosa lake, unapata namba ya katikati, na kosa jipya dogo kuliko yote mawili. Kesho unaanza tena na namba ile. Hiyo njo njia ya Kalman. Droni inafanya hivyo mara nyingi kila sekunde, juu ya mahali iko, mwendo wake na kuinama kwake, kwa sababu GPS yake inadanganya meta kadhaa na upepo hauulizi ruhusa.

Na tena kuna jambo tunalosahau. Hesabu ya makosa tuliyofundishwa mu agronomia, ile ya vitalu, marudio na uchambuzi wa variansi iliyotukosesha usingizi, haikutoka politekniki. Ronald Fisher aliijenga akiwa Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo cha Uingereza, alipoingia mwaka 1919 na kukuta vipimo vya mashamba vya miaka mingi. Kitabu chake cha mwaka 1925 kilisomwa na wanasayansi wa kila aina. Kumbe ile hesabu ilitoka shambani! Mtu anayesema kukadiria si kazi ya agronomu, amwulize Fisher ngano ilikuwa inafanya nini mu hesabu zake.

Turudi Kongo. Droni zenyewe ziliingia kwetu kwa mlango wa askari. Mwaka 2006, wakati wa uchaguzi, Wabelgiji walirusha B-Hunter zao Kinshasa ndani ya kikosi cha Ulaya. Mwezi wa Oktoba mwaka ule moja ilianguka mjini na kuua mtu. Tarehe 3 Desemba 2013, Goma, MONUSCO ilizindua droni za Falco kutoka Italia, mara ya kwanza Umoja wa Mataifa wenyewe kutumia droni za upelelezi mu kazi ya amani. Nyuma zikaja za kubeba dawa: Rwanda ilianza na damu mwaka 2016 kutoka Muhanga, na mu jimbo la Équateur la kwetu chanjo ziliruka mwaka 2019.

Malawi ilifanya tofauti kidogo, na mimi naona njo waliofanya vizuri zaidi. Mwaka 2017, pamoja na UNICEF, walifungua anga ya Kasungu kwa majaribio, halafu mwezi wa Januari 2020 wakafungua Lilongwe shule ya droni na data kwa vijana Waafrika, ikishirikiana na chuo cha Virginia Tech. Pale mwanafunzi anajenga droni, anairusha, anachambua picha. Anapata cheti. Ni vizuri sana, lakini cheti kinakufundisha kutumia hesabu ya mwingine. Doktora njo inakupa nafasi ya kuigusa hesabu yenyewe, kusema: hapa kwetu haifanyi kazi, nitaibadilisha hivi.

Na hapa kwetu kweli haifanyi kazi vizuri. Nipe mfano ninaoujua kwa mikono. Kamera za droni za kilimo zinapima mwanga mwekundu na mwanga wa infraredi ya karibu, ule jicho halioni. Jani zima linarudisha infraredi nyingi, na linakula mwekundu. Kutoka hapo unapata namba ya ukijani. Kipimo hicho kilijengwa miaka ya 1970 kwa picha za satelite ya Landsat, ambayo nukta moja ya picha yake ilikuwa karibu meta 80. Mu meta 80 za Kikula unaweza kuingiza nyumba ngapi, na bustani ngapi? Leo satelite ya Sentinel-2 inatoa nukta za meta 10 bure, na droni inatoa za sentimeta chache. Vizuri. Lakini mwezi wa Agosti, msimu wa kiangazi, peleka droni juu ya vilima vya Likasi: kilima cha shaba kiko wazi, dambo lililoungua liko jeusi, shamba lililovunwa limekauka, mabaki ya kiwanda hayana jani. Vyote namba ya chini. Mashine inasema ni kitu kimoja. Agronomu anajua ni vitu vine, na mwezi wa Machi vitajitenga vyenyewe.

Hii si mchezo wa rangi. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na wa KU Leuven walionyesha kwamba watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda, chini ya kilometa 3, wako na kobalti nyingi mu mkojo. Kazi ya mwaka 2014 ya timu hiyo ilifuata njia ambazo kobalti inapita mpaka ndani ya mtu: vumbi, na pia mboga na nafaka zinazolimwa hapo hapo. Mboga, bandugu. Shangazi yangu analima lengalenga pembeni ya kijito, chini ya kilima, na sisi wote tunakula na bukari. Bustani yake iko sawa ama haiko sawa? Uchambuzi wa udongo mu laboratware ni bei, na bustani za namna ile ni mingi sana mu Likasi. Hakuna mtu atakayezichimba zote.

Hapa njo maneno yale matatu yanakutana. Betri ya droni ndogo inachukua kama nusu saa. Haiwezi kuona yote. Kwa hiyo swali la utafiti ni hili: droni iruke wapi kwanza ili kosa la ramani lipungue haraka? Inaona kidogo, inakadiria, inatazama mahali ambapo ina mashaka zaidi, inajiongoza kwenda pale, inaona tena. Mwisho inamwambia mtu wa chini: chimba hapa, hapa na pale, sampuli 12 zinatosha. Watu wa kuongoza mashine wako na matriksi zao, lakini hawajui kwamba ua fulani linasimama ku shaba na lingine linasimama tu ku udongo maskini. Hawajui kwamba majani ya manjano ya mahindi yanaweza kuwa shaba, ao nitrojeni, ao maji yaliyosimama. Laboratware ya droni bila mtu wa namna hiyo itatoa ramani nzuri sana ya uongo.

Nafasi ziko wapi? Kwa agronomu, ningetazama kwanza Wageningen ya Uholanzi, chuo cha kilimo chenye kituo chake cha droni toka 2012, na chenye doktora ya nusu-nusu: unaanza kule, unarudi kufanya utafiti kwenu, unamalizia kule. Gembloux ya Ubelgiji iko na njia ya zamani na UNILU juu ya mimea ya shaba, na burse za ARES zimepitia pale. Delft iko na laboratware ya droni ndogo sana, lakini pale hesabu ni ngumu, usiende bila mtu wa politekniki pembeni yako. Karibu na nyumbani kuna Chuo cha Nelson Mandela cha Arusha, na Kigali kuna kituo cha chuo kikuu cha Rwanda cha vifaa vilivyounganishwa na intaneti. Kwa Arusha na Kigali Kiingereza ni lazima. Kiswahili chetu kitasaidia ku soko, si mu tezi.

Juu ya karatasi: lisansi ya zamani, ile ya miaka 5, vyuo vingine vinaichukua sawa na master, vingine vinaomba DEA ama master kwanza. Lisansi ya LMD ya miaka 3, pita kwa master, hakuna njia ya mkato. Usiandike barua ya «ninapenda sana teknolojia». Andika swali moja, mahali pamoja, na namna utakavyojua kama umekosea. Na usingoje droni. Programu za kuongoza droni za ArduPilot na PX4 ziko wazi, kila mtu anaweza kusoma njia ya Kalman ndani yake, na ArduPilot iko na droni ya kuigiza inayoruka ndani ya kompyuta. Kompyuta ndogo ya kawaida inatosha, umeme ukikubali. Mtu mwenye master ya hisabati anaweza kukupitisha mu matriksi siku za posho, ukimletea kitu cha kula.

Kuruka juu ya maeneo ya migodi bila ruhusa ni kujitafutia kesi. Kwa hiyo mwenye kutaka picha za Machi na Aprili, wakati mvua inaisha, majani bado mabichi na moshi wa mioto haujaanza, aanze karatasi zake Oktoba. Ukingoja Machi ili kuomba, ruhusa itatoka Julai, na Julai dambo limekwisha kuungua.